Dawa Ina Kipimo na Wakati: Somo Tulilochelewa Kulitoa

 

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani unapoingia, darsa yetu huwafundisha watu hukumu za saumu: nguzo zake, sharti zake, na mambo yenye kuifunguza. Twataja kula na kunywa, na kujitapisha kwa kusudi, na kila kitu kipitacho kooni kikafika tumboni. Twataja pia tembe ya dawa, ya kwamba mwenye kuimeza mchana saumu yake imefunguka. Yote hayo ni kweli. Walakini tulikomea hapo, na kukomea hapo kumetugharimu.

Ramadhani iliyopita mzee mmoja wa darsa yetu, mkaazi wa upande wa Msambweni, mtu aliyewasomesha watoto Qur'ani miaka mingi, aliziacha tembe zake za shinikizo la damu tangu usiku wa mwandamo wa mwezi. Bahasha yake ilikuwa imeandikwa "1×1 asubuhi". Mzee alifikiri hivi: asubuhi nimefunga, tembe yafunguza, basi tembe na zingoje Idi. Hakumuuliza daktari, kwa kuwa aliona jambo hili ni la dini. Wala hakutuuliza sisi, kwa kuwa sisi tulikwisha sema mbele yake, miaka na miaka, kwamba tembe yafunguza. Siku ya kumi na tisa ya mfungo, baada ya sala ya Alasiri, alianguka barazani. Roho iliokoka, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia na mguu wake havimtii tena, na ulimi uliokuwa ukiitoa kila herufi kwa makharija yake sasa wataka subira kuusikiliza. Yeye mwenyewe ametutaka tuyaandike haya, jina lake tulifiche.

Tembe ile, iitwayo amlodipini, ni katika dawa ambazo moja hutosha kwa saa ishirini na nne. Neno "asubuhi" liliandikwa kwa desturi tu, ili mgonjwa asisahau. Lau angaliimeza baada ya futari, au wakati wa daku, ingalifanya kazi ile ile, na saumu yake ingalisalimika. Swali moja lingalitosha, na mlango wa swali hilo ni sisi tulioufunga kwa kufundisha nusu ya jambo. Kwa hiyo somo la toleo hili tumelitoa katika milango ya saumu na wudhu, tukalitia katika mlango wa dawa: nini maana ya maandishi ya daktari, na vipi dawa inywewe.

Wako watakaosema, hili ni jambo la wauguzi, latuhusu nini sisi watu wa darsa? Twawajibu kwamba Mtume (s.a.w.) aliulizwa na mabedui kama watafute matibabu, naye akawaamuru wajitibu, akawafahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo imepokewa kwa Usama bin Sharik, nayo imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Na kabla ya hadithi hiyo iko Aya ya Sura ya An-Nahl ituamuruyo kuwauliza wenye elimu tusipojua. Mwenye elimu ya tembe ni tabibu na mfamasia, kama vile mwenye elimu ya mirathi ni faradhiya. Hatuoni haya kumuuliza huyu. Kwa nini tuone haya kumuuliza yule?

Tena iko hadithi ya asali, ambayo wengi waijua na wachache waizingatia. Mtu mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akamshitakia tumbo la ndugu yake, akaamriwa amnyweshe asali. Akaenda akamnywesha, akarudi akasema hali haikuwa nzuri. Akaamriwa tena asali. Akarudi tena, na jawabu likawa lile lile, mpaka mwisho mgonjwa akapoa. Imo katika Bukhari na Muslim. Watu huisoma hadithi hii kwa kuisifu asali, na asali yastahiki sifa. Ama Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 kwa tarikhi ya Kizungu, aliona ndani yake jambo jingine. Alieleza katika Zad al-Maad kwamba ule ukariri wa kunywesha una siri ya kitabibu: dawa sharti iwe na kadiri inayolingana na maradhi. Ikipungua haiyaondoi, na ikizidi huudhuru mwili. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na leo mfamasia wa Ukunda akikwambia "maliza dozi" hajakwambia jambo geni kwa wanavyuoni wako.

Sasa tuje kwenye bahasha yenyewe. Mtu akitoka dirisha la dawa hupewa kibahasha kilichoandikwa tarakimu mbili na alama ya kuzidisha kati yake. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya tembe kwa mara moja. Ya pili ni mara ngapi kwa siku. "2×3" ni tembe mbili, mara tatu, yaani sita kwa siku nzima. Tumewakuta watu wanaoisoma kinyume, wakameza tatu mara mbili. Jumla ni ile ile, lakini dawa iliyotakiwa kugawika kwa mafungu matatu imeingia kwa mafungu mawili makubwa. Kisha huandikwa siku ngapi, na sehemu hii ndiyo isahauliwayo zaidi, na pengine mwenye kuandika mwenyewe huiacha. Ukiona haikuandikwa, usiondoke dirishani. Uliza.

Lugha yetu nayo imetutia mtegoni. Mtoa dawa husema, "Moja, kutwa mara tatu." Mswahili akisikia kutwa hufahamu mchana, tangu jua kutoka hata kuchwa, kwani usiku una neno lake, nalo ni kucha. Basi huimeza ya kwanza saa moja asubuhi na chai, ya pili saa saba na wali, na ya tatu saa kumi na mbili jioni. Kisha hulala, na mwili wake hukaa saa kumi na tatu bila dawa. Mwenye kuandika hakukusudia hivyo. Kwa dawa nyingi za kuua vijidudu, mara tatu ni kila baada ya saa nane katika saa ishirini na nne, mara mbili ni kila baada ya saa kumi na mbili, na mara nne ni kila baada ya saa sita.

Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Dawa ikimezwa huingia damuni, ikapanda mpaka kiasi cha kutosha kupigana na ugonjwa, kisha ini na figo huiondoa kidogo kidogo. Tembe ya pili yatakiwa ifike kabla ile ya kwanza haijashuka mno. Ni kama mtu ateleaye maji chomboni mwenye tundu: akichelewa chombo hukauka, na akimimina yote kwa pamoja hufurika. Kwa hiyo pia aliyesahau tembe moja asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia. Akikumbuka mapema aimeze; ikiwa wakati wa nyingine umekaribia, aiache ile iliyompita aendelee na ratiba yake. Katika sala twalipa iliyotupita. Katika dawa, aghlabu, hatulipi.

Na Muislamu ana saa ambayo wengine hawana. Sisi watu wa Diani, Gazi na Vanga tuko karibu na mstari wa ikweta, na nyakati zetu za sala hazibadiliki sana mwaka mzima. Dawa ya mara mbili aiweke baada ya Alfajiri na baada ya Magharibi. Tofauti na saa kumi na mbili kamili ni ndogo. Ya mara tatu aianze saa kumi na moja na nusu alfajiri akisha kusali, kisha saa saba na nusu mchana akisha kutoka Adhuhuri, kisha saa tatu na nusu usiku kabla ya kulala. Hapo amepata saa nane, na nane, na nane. Mtu aliyezoea sala tano hakosi njia ya kukumbuka tembe tatu.

Ama chakula, hapa watu hutatizika kwa kudhani kwamba dawa zote zina hukumu moja. Hazina. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zikizoeleka tumboni matupu huliuma tumbo, na pengine hulitoboa. Hizo ni baada ya chakula. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa kabla ya kula. Vidonge vya kuongeza damu wapewavyo wajawazito havipatani na chai, kwani chai huizuia ile chuma isiingie mwilini. Na kwetu sisi chai hufuatana na kila kitu, basi mama na ameze kwa maji, na chai ije baadaye. Doksisaiklini haipatani na maziwa, nayo humezwa kwa bilauri nzima ya maji, mtu akiwa amekaa wima, wala asilale papo hapo, isije ikamchoma koo.

Ile dawa ya malaria yenye mchanganyiko wa atemetha na lumefantrini yataka chakula chenye mafuta kidogo, kwa kuwa mafuta ndiyo yaipitishayo. Uji wa maziwa wafaa, na hata wali wa nazi. Mgonjwa wa malaria hatamani chakula, hilo twalijua. Lakini vijiko vichache ni bora kuliko kuimeza kwa maji matupu. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudie kipimo kile.

Twasimama kidogo kwenye malaria, kwa sababu hapa pwani ya kusini ndipo somo hili lilipolipiwa. Wazee wetu walitibiwa kwa klorokwini, zile tembe chungu zilizowasha mwili. Ilikuwa rahisi, ikiuzwa kila duka pamoja na sukari na mafuta ya taa, na watu wakinunua mbili au tatu kwa kadiri ya senti zao, homa ikishuka wakaacha. Vimelea sugu vya malaria vilidhihiri Asia ya kusini-mashariki na Amerika ya kusini mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwishoni mwa miaka ya 1970 vikaonekana Afrika ya Mashariki. Mwaka 1998 Kenya iliiacha klorokwini ikashika salfadoksini na pirimethamini. Hiyo haikudumu hata miaka kumi. Mwaka 2004 serikali ikaamua kuhamia mchanganyiko huu wa atemetha na lumefantrini, na mwaka 2006 ukaanza kupatikana zahanatini. Ile ya pili sasa imebakishwa kuwakinga wajawazito, nao hupewa kliniki.

Hatusemi kwamba sababu ya usugu ni moja, wala kwamba ni mtu wa Kwale aliyeuleta. Vimelea vile vilisafiri kutoka mbali. Walakini dawa ikiwa nusu mwilini, huua vile vilivyo dhaifu na kuviacha vyenye nguvu, na mbu akaja akavibeba kuvipeleka nyumba ya pili. Na sasa khabari mbaya imeanza tena. Dalili za vimelea vinavyostahimili jamii hii ya dawa zimethibitishwa Rwanda mwaka 2020, na Uganda mwaka uliofuata, kisha Tanzania. Kutoka Lungalunga kuingia Tanzania ni hatua.

Basi ujue ratiba yake. Mtu mzima mwenye kilo 35 na zaidi hupewa tembe 24, nne kwa mara moja, kwa mara sita katika siku tatu. Makosa huingia katika mara ya pili, ambayo huwa baada ya saa nane wala si kumi na mbili. Tuseme ameanza Jumatatu saa nne asubuhi. Ya pili ni saa kumi na mbili jioni ya siku ile ile. Kisha Jumanne saa nne asubuhi na saa nne usiku, na Jumatano vivyo hivyo. Siku ya Jumanne jioni atajiona mzima, ataamka aende baharini au shambani, na tembe nane au kumi na mbili zitabaki juu ya kabati "kwa akiba". Akiba hiyo ni hasara mara mbili: yeye hakupona sawasawa, na kesho atampa mtoto wa jirani aliye na homa ambayo huenda si malaria kabisa. Homa si malaria mpaka kipimo cha damu kiseme.

Na kwa watoto mizani ni uzito. Dawa hii hii, mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa tembe moja kwa mara moja. 15 hadi chini ya 25, mbili. 25 hadi chini ya 35, tatu. Kumkatia mtoto nusu ya tembe ya mtu mzima "kwa kukisia" ni sawa na kumkatia nguo bila ya kumpima, ila nguo ikikosewa haiui. Watu wa Kwale si wageni wa jambo hili. Ulipoanza mwaka 2023 ule utafiti wa dawa ya ivamektini, iliyotolewa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu ili mbu wanyonyao damu yetu wafe, kipimo kilikwenda kwa uzito wa mtu, na wajawazito na watoto wasiofika kilo 15 hawakupewa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha malaria imepungua kwa asilimia 26 kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano katika sehemu zilizotumia dawa hiyo, kulinganisha na sehemu zilizopewa dawa ya minyoo.

Dawa za maji zina matata yake. Kijiko cha chai cha nyumbani si kipimo. Kimoja hujaa zaidi na kingine hupungua. Mililita tano ni mililita tano, nazo ziko katika kikombe kidogo au kijiko kilichokuja na chupa. Ile amoksilini ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, yakatiwa mpaka kwenye alama, na chupa hutikiswa kila unapotaka kumpa mtoto, kwani unga hutuama chini. Asiyetikisa humpa mtoto maji siku za mwanzo, na siku za mwisho humpa dawa nzito. Ikisha kuchanganywa umri wake ni siku chache, zilizoandikwa chupani, ikibaki, imwagwe. Tena mtoto wa kuhara akipewa zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki hiyo ni ya siku kumi hadi kumi na nne, hata kama tumbo limefunga siku ya tatu. Mama wengi huiacha siku hiyo ya tatu, na hatuwalaumu, maana hakuna aliyewaeleza kwamba inayobaki ni ya kuyaponya matumbo na kuyakinga na mengine.

Dawa za kuua bakteria zastahiki onyo la peke yake. Hazitibu mafua wala kikohozi cha kawaida, ambavyo huletwa na virusi, na bakteria hazimo. Mtu mwenye mafua akinunua vidonge vinne vya rangi mbili, ametoa pesa yake akawafundisha bakteria wa mwilini mwake kupigana. Kweli, matabibu siku hizi wamefupisha siku za baadhi ya dawa hizi, na huenda ukaandikiwa tatu au tano pale ulipozoea saba. Lakini mwenye kufupisha ni daktari kwa elimu yake. Mgonjwa hafupishi kwa kujisikia nafuu.

Kifua kikuu ndicho kilicho kirefu: miezi sita, miwili ya mwanzo kwa dawa nne, na minne kwa dawa mbili, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali. Mwezi wa pili kikohozi kimekwisha na mwili umenenepa, na hapo ndipo shetani amwambiapo mtu kwamba amepona. Tena mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, hugeuza mkojo kuwa rangi ya machungwa. Tumeletewa kijana aliyeziacha kwa ajili hiyo, ameambiwa ni damu, ametupiwa kitu. Akapelekwa kupigiwa mburuga, akatajiwa jirani aliyemroga, na udugu wa miaka ukavunjika kwa sababu ya rangi ya mkojo ambayo muuguzi angalimweleza kwa maneno kumi.

Hapa msomaji atatutazamia tuingie katika mjadala wa waganga, na msimamo wetu katika mburuga na ngoma za pepo wajulikana, hatuna haja ya kuukariri. Ama kombe, ndugu zetu wametofautiana, na si hapa mahali pake. Tusemalo ni hili tu: anayekunywa kombe asiache tembe, na anayechemshiwa mizizi na majani amwambie daktari, kwani mizizi nayo ni dawa, ina nguvu yake, na dawa mbili zaweza kugombana tumboni mwa mtu mmoja. Wengi huficha kwa kuogopa kukaripiwa. Na kwa kweli wako wauguzi wenye kukaripia, na karipio lao huua watu pia.

Lililobaki ni maduka. Sheria ya Kenya, Sura ya 244, ambayo chini yake Bodi ya Ufamasia na Sumu iliundwa mwaka 1957, haimruhusu kila mwenye kaunta kuuza kila dawa. Zile za cheti hutolewa kwa cheti. Leseni ya mwenye duka yatakiwa itundikwe ionekane. Sisi wenyewe tuliingia duka moja, hatulitaji, tukaomba dawa kwa cheti cha siku saba, na kijana wa pale akatuuliza, "Mwataka ya shilingi ngapi?" kana kwamba twanunua karanga. Akakata kipande cha tembe sita, hakina jina wala tarehe ya kwisha. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba ajitiaye utabibu hali hakujulikana kwa utabibu ana dhamana ya madhara anayoyaleta, imo katika Abu Daud na Nasai. Twamkumbusha kijana yule. Na twamkumbusha mnunuzi: ikiwa pesa hazitoshi dozi nzima, mwambie mfamasia au daktari. Mara nyingi iko dawa ile ile kwa jina jingine, ya bei nafuu, na nguvu ni moja. Jambo hili husababisha kosa jingine, la mtu kumeza dawa moja mara mbili kwa kuwa paketi ni mbili. Parasetamoli imo katika vidonge vingi vya kichwa na mafua. Kikomo cha mtu mzima ni gramu nne, yaani tembe nane za miligramu 500 kwa saa ishirini na nne, na ikizidi huharibu ini.

Kwa ufupi juu ya kuhifadhi: joto na unyevu wa pwani ni adui wa dawa. Usiziweke jikoni, wala dirishani, wala usizitoe katika karatasi yake mpaka wakati wa kumeza. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika friji bila kuganda. Asiye na friji humwulizia muuguzi habari ya mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga wenye maji, ambao bibi zetu waliujua kabla ya umeme.

Sasa turudi Ramadhani. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Sura ya Al-Baqara, Aya ya 184 na ya 185, wala haikuletwa kwa wanyonge wa imani. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupoa, ambaye hawezi kufunga, hutoa fidia ya mudi moja ya chakula cha nchi kwa kila siku. Tumeona watu wanaoona aibu kula Ramadhani mbele ya wakwe kuliko waonavyo hofu ya kufa.

Mwenye kuweza kufunga na dawa zake, na aende kwa daktari katika Shaabani, asingoje mwezi kuandama. Amwambie: nataka kufunga, dawa hizi zaweza kuhamishwa? Ya mara moja kwa siku aghlabu huhamia futari au daku. Ya mara mbili mara nyingi hukaa futari na daku. Ya mara tatu haiingii katika usiku mmoja kwa nafasi sawa, na hapo daktari huangalia kama iko nyingine ya mara moja au mbili. Ikiwa haiko, mgonjwa huyo ana ruhusa yake. Mwenye kisukari asijibadilishie dawa peke yake hata kidogo. Kipimo cha sukari kwa kujitoboa kidole hakifunguzi, na sukari ikishuka chini ya 3.9 katika kile kipimo cha milimoli, afungue papo hapo, hata ikiwa zimebaki dakika kumi adhana iadhiniwe.

Katika yasiyofunguza, Jopo la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Jeddah mwaka 1997 likaamua kwamba sindano ya matibabu isiyo ya chakula haifunguzi, wala dawa ya matone machoni, wala tembe ya maumivu ya moyo iwekwayo chini ya ulimi, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Matone ya sikio nayo yamo katika uamuzi huo, ijapokuwa wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliona yafunguza. Awezaye kuyachelewesha mpaka usiku ayacheleweshe, atoke katika khilafu.

Tumepeleka maelezo haya kwa wenzetu wa madarasa mengine, toka Waa na Tiwi hadi Shimoni, na tumekubaliana kwamba Shaabani ijayo, usiku mmoja wa darsa, muuguzi atakaa kiti kile kile akaacho mwalimu, na watu waje na bahasha zao. Mzee wetu ameahidi kuhudhuria. Tembe yake sasa huinywa baada ya Magharibi, na mjukuu wake huitia alama kwenye kalenda iliyotundikwa ukutani, juu ya kitanda.